Espressif ni nani na anafanya nini kwa waifai yangu?

SWALI: Kaka, jambo. Mi niko Kadutu, hapa Bukavu, tuko na modemu ya waifai nyumbani, mi na bwana yangu na watoto 4. Siku hizi mega zinaisha mbio sana, forfe (bando) ya mwezi haifike hata wiki 3. Mutoto wangu mukubwa akaingia ndani ya modemu akanionyesha lisiti (orodha) ya vifaa, nikahesabu 11! Na simu za hapa nyumbani ni 5 tu. Kimoja kinaitwa Espressif, viwili havina jina hata. Kuko kijana wa jirani wa hapa chini, kila mangaribi anakaa kwa ngazi yetu na simu mkononi, mi nimeshaanza kumuwaza vibaya. Nifanye je nimukamate? – Mama wa Kadutu

JIBU: Mama, pole, mega zinauma, najua. Lakini nakuomba yule kijana usimuambie kitu kwanza, juu ukishaita mutoto wa mwenzako mwizi mbele ya parseli nzima, kesho ukikuta si yeye utafanya je? Tuhesabu kwanza vya kwako.

We ulihesabu simu. Modemu haijui habari ya simu, inahesabu kila kitu kilichoomba kode (neno la siri la waifai) na kikapewa: tivi, dekoda, kompyuta ya mutoto, printa, kamera ya mlango. Sasa huyu Espressif. Ni kampuni ya Shanghai kule China, haiuzi simu, inatengeneza chipu ndogo za waifai, ile ESP8266 iliyotoka 2014 na ESP32 ya 2016, chipu za bei ndogo ambazo viwanda vingine vinanunua na kuziweka ndani ya balbu, soketi, na vifaa vya sola. Je, muko na paneli za jua kwa nyumba? Siku fundi alifunga onduleri (mashine ya kugeuza umeme wa sola) hakuwaomba kode ya waifai ili muone betri kwa simu? Kama aliomba, nenda kaangalie pale kwa ukuta kabla ya kuangalia kwa ngazi.

Jina linatoka wapi? Kila kifaa cha waifai kiko na anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12, zinaandikwa mbili mbili. Kwa kawaida zile 6 za kwanza ni za kiwanda, zinagawiwa na shirika la IEEE la Marekani, na programu ya kusoma mtandao (Fing kwa mfano, unaiweka kwa simu) inazitazama kisha inakuandikia jina la kiwanda. Njo maana jina linadanganya watu. Linakuambia nani alitengeneza kipande cha waifai kilicho ndani, si alama iliyo juu ya kifaa. Mutu ananunua kompyuta ya alama anayoijua, kwa lisiti anakuta Hon Hai, anaogopa, kumbe Hon Hai ni kampuni kubwa ya Taiwan, ile wengi wanaita Foxconn, inatengenezea wengine.

Na vile viwili visivyo na jina, mi nawaza ni simu zenu. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 (ya iPhone) ya 2020, simu inajitungia anwani ya uongo kwa kila waifai ili watu wasiifuate popote inapoenda, kitu kizuri kabisa. Alama yake ni hii: angalia herufi ya pili ya anwani, ukikuta 2, 6, A ao E, basi ile anwani haikutoka kiwandani, imetungwa. Tena simu moja inaweza kutokea mara mbili, kwa anwani ya zamani na ya mpya, juu modemu nyingi zinaweka jina kwa daftari masaa 24 hata mutu akiwa ameshaondoka. Wageni wa Dimanshi wanaweza kuwa bado wameandikwa Lundi asubui.

Kwa hiyo usiamini lisiti, ijaribu. Andika 192.168.1.1 ao 192.168.0.1 pale unapoandikaga anwani ya saiti, namba yenyewe na kode ya kuingia mara nyingi viko kwa karatasi iliyobandikwa chini ya modemu. Zima vyote vya nyumbani, vyote kabisa, na tivi uichomoe, acha simu moja tu ya kusomea. Zima modemu, washa tena. Hapo utaona lisiti fupi, na yeyote anayerudi wakati vyako vyote vimelala, huyo si wa kwako. Kisha washa kimoja kimoja, kila kinachotokea ukipe jina lako, "tivi ya salo", "simu ya Papa", modemu nyingi zinakubali. Kazi ya saa moja, fanya na watoto, wao njo wanajua kilichofichwa wapi.

Kama kunabaki mutu, basi kweli kuko mutu, na kwa Kadutu haishangazi, paa ya jirani iko chini ya miguu yako na ukuta wa mbao hauzuii waifai. Lakini pengine hakuiba, simu za Android 10 na kwenda mbele zinaonyesha kode kama picha ya QR ya kupiga na kamera, mutoto wako alimuonyesha rafiki, basi. Badili kode, weka ndefu ya herufi 12 ao zaidi, kwa ulinzi wa waifai chagua WPA2 ao WPA3, na uzime WPS (njia ya kuunga kifaa kwa kifungo ao PIN bila kuandika kode). Hii ya mwisho naikazia: tangu Desemba 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu 8 inakaguliwa nusu nusu, mwenye programu anajaribu mara 11,000 hivi tu na anaweza kuingia, hata kode yako iwe ndefu namna gani.

Habari ya mega, angalia kama modemu yako inaonyesha kila kifaa kimekula ngapi. Mara mingi mlaji ni simu ya mutu wa nyumba inayopandisha picha na video zote kwenye akiba ya mtandao usiku, ao video zinazojicheza zenyewe. Anza na simu ya bwana, kisha ya mutoto mukubwa.

SWALI: Kaka, mi ni mwanafunzi, niko Panzi. Nilifunga simu moja nisiyoijua kwa modemu isiingie tena, masaa mbili baadaye ikarudi na anwani ingine. Je, ni mutu wa kompyuta sana? – Mwanafunzi

JIBU: Hapana, mdogo wangu, pengine hajui hata kama ulimufunga. Pengine alisahaulisha simu yake ile waifai ao alibadili mipangilio ya anwani, akaingia tena, na simu zingine hapo zinatumia anwani ingine. Kufunga kwa anwani ya MAC hakusaidie tena kwa simu za leo. Badili kode leo leo, na wale munaokaa nao uwape wewe mwenyewe, kwa mdomo, si kwa grupu ya WhatsApp.