Kozi wadogo mjini: nani anawafundisha kuruka na kuwinda?

Mkuu, umeuliza kama kozi mkubwa (huyu ndege mwindaji anayeitwa peregrine kwa Kiingereza) huwasukuma makinda kutoka juu ya jengo ili waruke, na kwa nini yule uliyemwona kwenye kamera ya mtandaoni alikuwa akipita na njiwa mbele ya watoto bila kuwapa. Ukauliza kama huo si ukatili. Mimi naishi Derby, Uingereza, na kila ikifika Juni naenda kuwatazama wale wa mnara wa kanisa kuu la hapa. Nitajibu kwa ninayoyaona.

Hawasukumwi. Kinda akifikisha kama wiki sita anakuwa tayari ameshapiga mabawa ukingoni siku nyingi, kashikilia mbao kwa kucha huku upepo ukitaka kumbeba. Madume hutangulia kuruka kwa sababu ni wadogo na wepesi. Jike ni mkubwa zaidi, kwa hiyo manyoya yake huchelewa kukomaa. Pale Derby waliwawekea jukwaa la kiota mwaka 2006 kwenye mnara wenye urefu wa mita 65 hivi, na anayeruka mara ya kwanza ana nafasi ya kutosha chini yake. Lakini kuruka si shida. Shida ni kutua. Wengine hugonga ukuta wakateleza hadi paa la chini, mwingine anajikuta barabarani katikati ya watu, amekodoa macho. Ukimkuta hivyo usimpeleke nyumbani na usimlishe mkate. Zuia magari na mbwa, kisha waite wanaosimamia kiota. Kwa sheria ya Uingereza ya 1981, kuwasumbua wakiwa kiotani ni kosa la jinai.

Watu wengi huja siku ya mruko wa kwanza, wakipiga picha wanaondoka. Mimi naona wanaondoka utamu ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Njoo Julai. Utawasikia kabla hujawaona: mzazi anatokea na njiwa kuchani, watoto wanamfuata wakipiga kelele mtaa mzima. Siku za mwanzo anatua na kuwaachia wagombanie. Baadaye hatui. Anapita juu yao, anazunguka, anaachia nyama hewani, na atakayeiwahi ndiye atakayekula. Wakizidi kukomaa, mtoto anakuja kwa chini, anajigeuza mgongo chini miguu juu, na kuipokea kuchani kwa mzazi wakiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo uliyemwona kwenye kamera hakuwa anawatesa. Alikuwa anawatoa ukingoni. Waswahili husema kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Kwa wakubwa sibishi, ila hawa wa Julai wanalala njaa bila kupenda hata kidogo.

Halafu wenyewe kwa wenyewe wanacheza sana. Wanafukuzana kuzunguka mnara, wanashikana kucha hewani, wanakimbiza unyoya unaopeperuka au mdudu. Wanawavamia shakwe wasioweza kuwafanya chochote, wakifukuzwa wanarudi. Njiwa nao wanajua nani ana kazi na nani anatania: mara nyingi nimeona kinda akipita juu ya paa na njiwa wametulia, kisha mama akatokea mbali kule na kundi zima likalipuka. Kosa la watoto ni kumfuata njiwa kwa nyuma, mbio sawasawa. Njiwa mwenye afya ana mbio na pumzi, atakukimbia mpaka uchoke. Mkubwa anatafuta kimo kwanza, kisha anashuka na mabawa yamefungwa. Mshuko huo unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Mdomo wake una kijino pembeni cha kuvunjia shingo ya mawindo.

Sasa, je, hayo ni mafundisho? Mimi naamini wazazi wanachochea tu, na ushahidi wangu mzuri uko Marekani. Dawa ya kuulia wadudu iitwayo DDT ilifanya maganda ya mayai yawe membamba hadi kuvunjika, na kufikia miaka ya sitini kozi hawa walikuwa hawazaliani tena mashariki mwa nchi ile. Tom Cade wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyeshiriki kuanzisha shirika la The Peregrine Fund mwaka 1970, na wenzake walizalisha makinda kizuizini, wakawaweka kwenye masanduku juu ya majabali na majengo, wakawalisha kwa kujificha, kisha wakawafungulia. Hapakuwa na baba wala mama. Maelfu waliachiliwa hivyo, na walioishi walijua kuwinda. Mwaka 1999 ndege huyu akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini kule. Njaa, michezo na mwili uliozaliwa na kazi yake vilitosha.

Havitoshi kwa wote, lakini. Zaidi ya nusu ya makinda hawafiki mwaka. Wanagonga vioo, au Septemba inafika wazazi hawaleti tena chakula na mtoto bado anakimbiza njiwa kwa nyuma.

Kwa mlioko Dar au Nairobi: tuna kozi wa aina hii wakaazi, na kuanzia Oktoba hivi huongezeka wageni kutoka kaskazini kabisa ya Urusi. Kwa hiyo tazameni minara ya simu na maghorofa marefu asubuhi na jioni. Ukimpata, piga picha ya kifua: michirizi ikiwa wima na mgongo wa kahawia, huyo bado ni mtoto, ikiwa imelala na mgongo ni wa kijivu, ni mkubwa. Ziwekeni hapa tuzione.