Muulize Anko: Kadeti ya sufu kwenye joto hili la Mtwara?

SWALI: Shikamoo anko. Mi kijana wa Chikongola, hapahapa Mtwara mjini. Juzi nimeokota mtumbani kadeti moja ya kijivu kali sana, mapajani ina nafasi afu inaenda ikipungua mpaka chini, lebo yake inasema sufu asilimia 30, polista 68 na hizo 2 ni ile ya kuvutika. Sasa washkaji wananicheka eti nimenunua blanketi. Mwezi wa saba tuna harusi ya binamu Newala, niivae au niiuze tu? Afu fundi wangu anataka anibanie iwe modo kabisa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao washkaji waache wacheke, Newala mwezi wa saba usiku watakuja kukuomba uwaazime. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde kipupwe sio mchezo, na hiyo suruali ndo mahali pake. Ila saa saba mchana hapo Chikongola, mwezi wa kumi na moja, uko kwenye bodaboda, hapana, usijitese. Na kinachokuchoma sio sufu peke yake, sufu inanyonya jasho vizuri tu, ni hiyo polista 68 ndo haipitishi hewa, watu wanailaumu kondoo bure.

Alafu lebo za mtumba usiziamini sana, nyingine zimeshafutika nusu. Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo uuchome na kiberiti, ukinuka kama nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni hapo sufu ipo, ukiyeyuka ukaacha kidonge kigumu cheusi hiyo ni plastiki. Yako ina mchanganyiko kwahiyo utaona vyote viwili. (Na tafadhali tusichanganye sufu na sufi, sufi ni ile ya mti tunayojazia mito!)

Kuhusu fundi: mkatalie. Uzuri wa mkato huo ni kwamba paja linapumua, kiuno kinakaa sawa, kupungua kunaanzia gotini kushuka chini, ukiibana na mapaja unabaki na suruali ya modo kama zilizojaa sokoni, na kitambaa chenye sufu kikivutwa muda wote kinatoka magoti, unasimama lakini suruali inaonekana bado imekaa. Kama chini ni pana sana mwambie apunguze toka gotini tu, iishie kama inchi 7 na nusu ikilazwa bapa, na kile kitambaa kinachobaki ASIKATE, akikunje ndani, ukinenepa kwa pilau ya harusi utanishukuru. Urefu iguse kiatu kidogo basi.

Kupiga pasi weka kitambaa chenye unyevu juu yake, hasa kama ni pasi ya mkaa, la sivyo inaanza kung'aa makalioni kama ya mwalimu mstaafu. Na ukimaliza harusi ifue kabla hujaitupa kabatini, viwavi vya nondo vinapenda sufu yenye jasho na mabaki ya mchuzi.

SWALI: Anko shikamoo, niko Mtanda, Lindi. Mume wangu kasafiri, nikasema nimfulie suruali yake ya kitambaa, sufu tupu, nikailoweka maji ya moto na sabuni ya unga nikaisugua haswaa. Imekauka imekuwa ya mtoto wa darasa la tano. Anarudi ijumaa.

JIBU: Marahaba dada, pole. Sufu ni manyoya, kila unywele una vigamba vidogo, ukipata moto, sabuni na kusuguliwa vile vigamba vinashikana na haviachiani tena. Ingekuwa na polista nyingi kama ya huyo kijana hapo juu ingesinyaa kidogo ukaisamehe. Jaribu hivi: maji ya uvuguvugu na kondishna ya nywele, iloweke nusu saa, usiikamue, ikandamize kwenye taulo afu ilaze uivute taratibu kwa mikono. Kiuno kinaweza kurudi kidogo, urefu sahau. Siku nyingine maji baridi, sabuni laini au hata shampuu, anika kivulini, na jiki usiisogeze kabisa maana jiki inaila sufu.

Na mwambie wewe mwenyewe, alhamisi usiku mpigie, kabla hajarudi akafungua kabati.