Umesikia kwa nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ukiwa na uamuzi mkubwa mbele yako, unafuata maoni ya watu au unafuata akili yako mwenyewe?" Limenigusa pabaya, na nitalijibu, ila nitalipindisha kidogo. Lilivyoulizwa, ni kana kwamba maoni ya watu yako huku na akili yangu iko kule, mtu achague. Mimi kabla ya kuchagua nataka kujua hao watu maoni yao wameyatoa wapi.

Niseme mapema kwamba niko upande wa akili ya mtu mwenyewe. Nimeshuhudia watu wazima, wenye busara zao, wakiacha jambo la maana kwa sababu tu "watu wamesema", na ukiwauliza ni watu gani, hawana hata mmoja wa kumtaja.

Mama yangu macho yalianza kumsumbua taratibu. Alikuwa akitaka kutunga uzi kwenye sindano anaupitisha pembeni ya tundu, anarudia, anapitisha tena pembeni, kisha anaiweka sindano chini na kusema mikono imechoka. Usiku taa za magari zilimtawanyikia machoni hadi akakataa kutembea. Nikampeleka kwa daktari wa macho, mwanamke mtulivu, ambaye baada ya kumpima aliniita nitazame mwenyewe: mboni iliyotakiwa kuwa nyeusi ilikuwa imeingia weupe. Akasema ni mtoto wa jicho, lenzi ya ndani imechafuka, itolewe na iwekwe ya bandia. Nikamwuliza anajuaje kuwa si ugonjwa mwingine. Hakukasirika. Alinieleza kwamba amepima presha ya jicho na iko sawa, na kwamba alipommulika mama kwa tochi kutoka pande tofauti, mama alitambua mwanga unakotokea, maana yake nyuma ya ile lenzi jicho bado linafanya kazi.

Kisha ikaja familia. Jioni ile walikuwepo baba mkubwa, mjomba, mama mkubwa, mama mdogo, kaka yangu na mkewe. Mama mwenyewe alikaa kiti cha pembeni, na sikumbuki aliyemgeukia. Baba mkubwa akafungua kikao: jicho si kitu cha kuchezea, kuna mzee mmoja alipasuliwa, "aliingia anaona, akatoka anashikwa mkono". Mjomba akaunga mkono, naye akamtaja mzee huyo huyo. Mama mkubwa vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya mama mdogo naye akasema "aliingia anaona, akatoka anashikwa mkono", neno kwa neno, nikashtuka. Watu wanne walioshuhudia jambo kwa macho yao hawalisimulii kwa sentensi moja.

Kaka alishaanza kutikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa kimya. Nani apinge wakubwa wanne kwa mpigo? Wifi yangu ndiye aliyesema: "Samahanini wakubwa zangu. Mimi huyo mzee simjui. Alikuwa anaumwa nini hasa?"

Hapo nikapata pa kuanzia. Nikamwuliza mama mdogo kwa adabu zote amesikia kwa nani. Kwa dada yake. Mama mkubwa? Kwa mjomba. Mjomba? Kwa baba mkubwa, aliyempigia simu asubuhi kumweleza kikao kitahusu nini. Na baba mkubwa alisimuliwa na mtu waliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi. Kwa hiyo maoni manne yaliyotujaza hofu yalikuwa ya abiria mmoja ambaye hata jina lake halikujulikana.

La mzee lilijulikana, na kaka akakumbuka kuwa aliwahi kusoma na binti yake. Tukampigia, tukafungua spika. Binti akaeleza kwamba baba yake hakuwa na mtoto wa jicho kabisa. Alikuwa na presha ya macho, ile inayoua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokufa pale hakirudi. Alifika hospitali amechelewa. Alipasuliwa ili kuokoa uoni mdogo uliobaki, wakaambiwa wazi kuwa huenda isisaidie, na haikusaidia. Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi hilo ni jambo jingine." Ndipo mama akauliza kutoka pembeni, "Na jicho mnalolijadili ni la nani?" Akasema atapasuliwa. Akapasuliwa, na anaona.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kila ninachokiamini juu ya swali lenu. Mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton aliandika katika jarida la Nature kuhusu shindano la kukisia uzito wa maksai lililofanyika Plymouth. Alizikusanya tiketi 787. Kisio la katikati lilikuwa pauni 1,207, na uzito alioutaja kuwa halisi ni pauni 1,198. Kwa pamoja wakapatia, karibu kabisa. Lakini kila mmoja aliandika tiketi yake kwa jicho lake, na hakuna aliyewapigia wenzake simu asubuhi. Wingi wa watu una nguvu pale kila mtu amekuja na cha kwake. Wakishaambiana, unabaki na mmoja mwenye sauti nyingi.

Na yule mmoja anatisha. Solomon Asch, huko Marekani, alichapisha mwaka 1951 majaribio ambayo mtu aliombwa kulinganisha urefu wa mistari, jambo ambalo hata mtoto anaweza, huku wenzake chumbani wakiwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Takriban theluthi moja ya majibu yalifuata uongo ule. Ila alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Nikisoma hayo namwona wifi yangu.

Sasa nilidhani nitamalizia hapa kwa kusema fuata akili yako. Nilishaandaa hata mfano: Harold Ridley, daktari wa London aliyeweka lenzi ya bandia ya kwanza ndani ya jicho mwaka 1949, huku madaktari wakubwa wakimpinga kwa miaka mingi. Lakini Ridley hakufuata moyo wake tu. Alikuwa ameona macho ya marubani wa vita yaliyoingiwa na vipande vya plastiki ya ndege, na macho yale hayakuvikataa. Alikuwa na la kuonyesha. Nao waliompinga hawakuwa wajinga, kwa sababu lenzi za mwanzo zilileta madhara kwa baadhi ya wagonjwa na nyingine zikalazimika kutolewa.

Na mimi, siku ile, kuhusu macho nilijua nini? Hakuna. Nilichokiita akili yangu kilikuwa ni maoni ya yule daktari, niliyoyachukua kwa sababu alinieleza amejuaje. Kwa hiyo, mhariri, jibu langu linatoka kinyume na nilivyoanza: nafuata maoni ya watu. Namfuata anayeweza kunionyesha alikoyapata, hata akiwa peke yake, na nikiweza namwuliza kabla hajakaa na wengine. Sikatai kwamba mtu anaweza kujieleza vizuri sana na bado akakosea, ndiyo maana kwenye jambo lisilorudi nyuma ningetafuta daktari wa pili, bila kumwambia wa kwanza alisema nini.

Liko moja linalonikosesha raha. Siku hizi kwenye ukoo wetu, mtu macho yakififia anaambiwa, "Pasuliwa tu, haina shida, mwulize fulani," na fulani ni mimi. Mama yangu kupona hakumhakikishii mwingine chochote, kama vile yule mzee kupofuka hakukumhusu mama. Kila anayenipigia namwambia asinisikilize mimi, aende akapimwe presha ya jicho kwanza.