Mpwa wangu, mji wa benki haujanipa benki

Umeweka kwenye kundi la ukoo picha ya jumba la akina Medici, ukoo wa zamani uliotajirika kwa benki, ukaandika: "Mjomba anaishi walikoanzia mabenki, tukimwomba hela ya pikipiki anasema hana." Wakubwa wakaunga mkono. Basi nakujibu hapahapa, wote wasome.

Jumba hilo liko mtaa wa via Cavour, hapa Florence, Italia. Nalipita alfajiri nikienda kusugua vyoo na kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni. Giovanni di Bicci de' Medici alianzisha benki yake mwaka 1397, wakati Kanisa limeharamisha riba. Kwa hiyo faida ikafichwa kwenye kubadilisha fedha: unatoa florini, sarafu ya dhahabu ya hapa, unapewa hati, nayo inalipwa London kwa fedha ya kule miezi kadhaa baadaye, na benki inakula kwenye kiwango cha kubadilishia. Mchezo huo upo mpaka leo. Duka ninalotumia kuwatumia hela limebandika kiooni "ada sifuri", lakini kwenye skrini euro yangu inahesabiwa chini ya bei ya soko. Usiniandikie tena "mbona imefika pungufu" kana kwamba nimechomoa mimi.

Halafu hao unaowasifu, unajua kilichowaangusha? Pamoja na mengine, kushindwa kuwanyima wakubwa. Tawi la London lilimkopesha Mfalme Edward IV wa Uingereza likafilisika. Tawi la Bruges, mji ulio Ubelgiji ya leo, chini ya meneja Tommaso Portinari, likammwagia fedha Charles, mtawala wa Burgundy, dola ya zamani ya Ulaya, naye akauawa vitani mwaka 1477. Mwaka 1494 ukoo ukafukuzwa mjini na benki ikafa. Walikuwa na jumba lile! Mimi nina kitanda kwenye chumba cha kuchangia, na nimelipa harusi, kodi ya fremu, simu iliyoibiwa. Kibali cha ukaazi kikiisha lazima nionyeshe kipato, na mwajiri ananiandikia nusu tu ya saa ninazofanya. Hili linaninyima usingizi.

Usije huku. Ukiamua kuja, usimlipe wakala hata shilingi, tafuta viza ya kazi, na njoo na koti. Nitakupokea stesheni na tutalala kitanda kimoja. Lakini bora ubaki umalize chuo. Na usiache kunipigia, nakukumbuka sana.

Hela ya pikipiki sitatuma, wala mwezi ujao. Dawa za bibi yako ni jambo lingine: piga picha karatasi ya daktari uitume leo, kabla sijalipa kodi.