Kakati ya ndani haifi kwa kiu

Kakati zangu mbili za mwanzo niliziua mwenyewe kwa kuzimwagilia maji, na ya tatu iliponea chupuchupu. Nilizipanga kwenye zidaka za ukutani, zikapendeza mno na ile chokaa nyeupe, na kila Ijumaa nikizipa maji kikombe kimoja kimoja. Masika yalipoingia, moja ikainama. Nikaigusa shina, kidole kikazama kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Kuitoa chunguni, mizizi myeusi, inanuka.

Nyumba zetu za mawe hapa Lamu zina kuta nene na madirisha machache, ndiyo maana ndani mna ubaridi mchana kutwa. Ubaridi huo, ukichanganyika na unyevu wa bahari, huufanya udongo ukae na maji siku nyingi. Kakati asili yake ni bara la Amerika, na nyingi ni za nchi kame. Akiba ya maji imo shinani. Basi achana na habari ya Ijumaa. Chomeka kijiti cha mishikaki mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo umekiganda, usimwagilie. Kwangu mimi, kaskazi ikiwaka huwa ni kila wiki mbili hivi; kusi, hata mwezi hupita.

Zidaka ziachie sahani na mabakuli. Kakati iweke dirishani au ukingoni mwa kiwanda, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, penye mwanga. Ukiona ncha yake inakuwa nyembamba na kupauka, imekosa mwanga. Ila usiitoe gizani ukaiweka juani siku hiyo hiyo. Ikiungua, lile doa halitoki tena.

Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu chini. Mchanga wa ufuoni usiutumie kabisa, una chumvi. Maji ya visima vyetu vingi nayo yana chumvichumvi: ukoko mweupe ukitokea pembeni mwa chungu, ndiyo hiyo. Mimi hukinga ya mvua.

Ile ya tatu, mamangu mdogo aliniambia niikate juu ya palipooza, kwa kisu safi, mpaka nyama ya ndani isiwe na hata nukta ya kahawia. Kipande nikakiacha kivulini siku kumi, jeraha likafunga. Nikakipanda kwenye mchanga mkavu, nikakaa wiki mbili bila kukitia tone. Leo kina vichipukizi viwili ubavuni.