Re: Bunduki ya bolti kwa shabaha na ngedere, .223 au .22-250?
Mkuu, umeuliza bunduki ya bolti (ile unayokoki kwa mkono kila risasi) uchukue ya saizi ya risasi .223 au .22-250, kwa shabaha na kwa ngedere wanaomaliza mahindi yako huko Sengerema. Chukua .223, wala usiumize kichwa. .22-250 ina kasi kweli, lakini inakula baruti nyingi, mtutu unachakaa mapema, na risasi zake ni ghali zaidi.

Kubwa ni mtutu. Chukua mzito, maana kwenye shabaha unapiga mfululizo, na mwembamba ukishapata moto matundu yanaanza kuhama kwenye karatasi. Halafu uliza mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, inazungukaje; hapo ndipo wengi wanatapeliwa. Mzunguko mmoja kwa inchi 12 unataka risasi nyepesi, greni (kipimo cha uzito wa risasi) 40 hadi 55. Mmoja kwa inchi 8 unabeba hadi greni 77, na hizo nzito ndizo zinazovumilia upepo wa ziwani mchana. Tikka T3x Varmint ya Finland inakuja na mzunguko huo wa inchi 8, na traga (kifyatulio) yake inarekebishika. Howa 1500 ya Japani nayo chuma. Remington 700 vipuri vyake vimejaa kila kona, ila kona za Marekani, sio Igoma hapa Mwanza.

Usilipie chochote kabla ya kibali cha polisi. Na kibali cha kumiliki siyo cha kuwinda; ngedere ni nyara ya serikali, yaani mali yake, hata akiwa shambani kwako, kamwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya. Shamba lako likitazama ziwa, usipige kuelekea huko: risasi inadunda juu ya maji, na wavuvi wako mbele.