Fundi saa anajibu: Saa ya babu haijafa

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu alikuwa baharia kwenye meli za Waingereza. Katika vitu vyake tumekuta kasha la mbao nyekundu, ndani mna saa kubwa ya shaba inayoning'inia kwenye pete mbili. Usoni imeandikwa Thomas Mercer, St Albans. Nimeitia ufunguo, kimya. Fundi mmoja wa hapa anasema imekufa, ila ataichukua kwa bei ya shaba chakavu. Nimpe? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe!

Hiyo ni kronomita, saa ya kuongozea meli, na ukimya wake si ugonjwa. Saa ya mkononi ukiijaza huanza kwenda yenyewe kwa sababu mtambo unaisukuma balansi, lile gurudumu linalocheza na kupima muda, huku na huku. Kronomita husukuma upande mmoja tu. Balansi ikishatulia, hakuna kinachoigusa. Ukishaijaza, shika kasha kwa mikono miwili, lizungushe ghafla robo mzunguko, ulirudishe. Mara moja tu, si kulitikisa kama chupa ya dawa. Mshale wa sekunde ukianza kuruka nusu sekunde nusu sekunde, saa yako ni nzima. Lakini iache iishiwe, usiijaze tena mpaka isafishwe: mafuta yaliyokauka hula ekseli.

Huyo Mercer alizaliwa 1822 huko St Helens, akafungua karakana yake Clerkenwell, London, mwaka 1858, kisha 1874 akahamia St Albans. Saa nyingi alizotengeneza ziliuzwa na wafanyabiashara wengine walioandika majina yao usoni, kwa hiyo kuliona lake mwenyewe ni bahati. Kabla yake kulikuwa na John Harrison, fundi seremala (naam, seremala!), ambaye saa yake ilipelekwa Jamaica kwa meli mwaka 1761, na baada ya siku 81 ikawa imechelewa sekunde 5 tu.

Sasa, jambo ambalo wengi huharibu: usiisogeze mishale ili ifuate saa ya Tanga. Kazi yake ilikuwa kushika saa ya Greenwich, pale London digrii za mashariki na magharibi zinapoanza kuhesabiwa. Dunia hugeuka digrii moja kila dakika 4. Tanga iko digrii 39 mashariki, maana yake jua la adhuhuri hufika kwenu saa 2 na dakika 36 kabla ya kufika Greenwich. Nahodha akilinganisha jua na kronomita, anajua yuko wapi. Ikikosea sekunde 4, karibu na ikweta amepotea maili moja ya baharini. Ndiyo maana hakuigusa mishale. Kama saa ilikimbia au kuchelewa, aliandika tofauti daftarini. Hebu pekua kasha la babu, huenda karatasi ya hesabu hizo bado imo.

Na asiifungue mtu asiyeijua. Nikiwa mwanagenzi niliwahi kutoa balansi kabla ya kulegeza springi. Magurudumu yalikimbia kwa mlio wa nyuki, meno matatu yakaenda. Bwana wangu hakunisemesha wiki nzima.

Ukiamua kuniletea, iache iishiwe kwanza, funga kile kikono cha pembeni kinachozuia pete zisicheze. Kwenye basi ipakate. Buti ni la mizigo.